Vyumba Sita

Baba alikufa akiwa ameshatugawa.
Vyumba vitatu kushoto kwa ukumbi, vitatu kulia;
wavulana wawili, mafungu mawili mawili,
wasichana wawili, fungu moja moja.
Nyumba yajigawa yenyewe, akasema,
hamtahitaji hata msumeno.
Akacheka, akakohoa, akaomba maji,
na mbele ya mwadhini na Fundi Mbarak wa chumba cha mbele
akamshika mkono Msellem: wewe ndiye wasii.

Miaka minne sasa.
Kila tarehe tano Msellem hupita mlango kwa mlango,
kalamu sikioni kama alivyofanya Baba,
ila Baba alikuwa akiishusha ile kalamu.
"Mali bila daftari," alizoea kutuambia,
na sisi, midomo imejaa mahamri, tukimalizia:
"kwisha kwake bila habari."

Ukimuuliza, Msellem ana majibu ya kutosha mji:
mwenye ardhi kapandisha
(maana kuta ni zetu, udongo si wetu, ndivyo Majengo ilivyo),
kaunti yadai, choo cha uwani kimejaa, mabati yameoza.
Mabati ni yale yale.
Mvua za mwezi wa tano twazihesabu kwa sufuria.
Lakini tuktuk mbili zimezaliwa kwake Bombolulu,
moja imeandikwa mgongoni: JASHO LANGU.

Twaha apiga simu kutoka Doha.
Sauti yake twaiweka mezani, kati ya birika na kaimati,
yamtukana kaka yake mpaka chaji yaisha.
Batuli hasemi.
Batuli ameivua pete aliyopewa na Msellem siku ya harusi,
na kila mtu ameiona ile alama nyeupe kidoleni.

Mimi ndiye niliyekwenda kwa Kadhi.
Niandikeni hivyo:
Saumu, kitinda mimba, ndiye aliyemshtaki nduguye.

Karani akalifungua daftari.
Mwandiko wa Baba umesimama wima hadi Rajabu,
kisha wa Msellem, umelala,
kisha kurasa tupu,
tupu,
kisha mstari mmoja, peke yake katikati ya ukurasa:
Saumu, hospitali, elfu arobaini na tano.

Nikaikumbuka bahasha.
Usiku wa Makadara, tumbo langu limeshonwa,
nilikibusu kiganja chake,
nikawaombea dua watoto wake mmoja mmoja kwa majina.
Kumbe kilikuwa chumba changu,
kile cha kulia, cha mwisho, karibu na kisima,
kinanijia kimekunjwa ndani ya karatasi,
nami nikakiita ihsani.

Nikageuka nimtazame kwa ile hasira niliyotoka nayo nyumbani.
Imenilegea kama ukanda usio tundu.
Maana usiku ule, na uliofuata, na wa tatu,
alilala kwenye benchi nje ya wadi, viatu chini ya kichwa,
akanipikia uji kwa mkono wake, ukaungua,
nikaunywa.
Lile benchi halimo daftarini.
Ule uji niuweke safu gani,
ya kuingia, au ya kutoka?

Leteni risiti, Kadhi akasema, rudini baada ya wiki mbili.
Ngazini Msellem alinipisha,
kwa adabu, kama ampishavyo mke wa mtu asiyemjua.

Leo ni tarehe tano.
Fundi Mbarak amesimama kizingitini,
uzi umemning'inia begani, noti zimekunjwa kiganjani.
Mwanangu, asema, mimi nilishuhudia maneno,
haya mengine sikuyashuhudia.
Mwezi huu nimlipe nani?

Nimeunyoosha mkono.
Nimeurudisha.
Nimevuka barabara, nimenunua daftari la shilingi thelathini,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
nimempa yeye kalamu.

Andika kwanza, Fundi.
Andika, ndipo utoe.