Chumba Namba Kumi na Nne

Bi. Wairuri amenikabidhi ufunguo
bila kuniuliza kama napajua.
Kibati chake kimechakaa, tarakimu zimebonyea:
moja, nne. Nimekifumbata kiganjani
kama mtu aliyeokota jino lake mwenyewe.

Jerop anauliza mbona nimesimama.
Ana miaka sita na damu isiyotulia;
kesho asubuhi tunatakiwa hospitali kuu,
na keshokutwa, na wiki ile nyingine.
Nangoja pumzi, namwambia, ngazi zimenichosha.
Hapa hapana ngazi. Hazijawahi kuwapo.

Hii ilikuwa laini ya askari.
Vyumba ishirini, mgongo kwa mgongo,
mawe ya kijivu, futi kumi kwa kumi.
Keya walivijenga, wakaenda zao;
jeshi la bendera mpya likarithi
vyumba, ndoo na kunguni.

Nyuma ya mlango ile misumari ingalipo.
Wa kofia. Wa mkanda. Wa koti la mvua.
Wa nne mama aliufunga kitambaa chekundu
tusije tukagusa kilichoning'inia.
Jerop ametundika hapo mfuko wake wa dawa,
kwa kuruka, mara tatu, akicheka.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi.
Mama aliamka saa tisa za usiku
akapangusa mpaka nyaya za kitanda,
maana vumbi la Nakuru halina adabu,
hupita hata penye tundu la sindano.
Ofisa alikuja na glavu nyeupe,
akapitisha kidole juu ya mlango,
akakitazama. Sisi tukakitazama uso wake.

Leo Bi. Wairuri kapitisha kidole palepale.
"Watoto hawa hawana kinga," kasema,
"vumbi kwao ni ugonjwa."
Nami visigino vimekutana vyenyewe.

Baba, Koplo Chesang, alipanda lori la kaskazini
mwezi wa tatu, mvua ikisuasua.
Ulirudi mkanda.
Kisha ikaja barua yenye muhuri: siku saba.
Mama hakulia kwanza. Alisugua sakafu,
kwani chumba hurudishwa kama kilivyotolewa,
na karani alisimama na daftari akihesabu:
kitanda, kimoja; ndoo, moja; balbu —
akabonyeza swichi. Giza.
Ilikuwa imeungua jana yake.
Wakaikata bei yake kwenye pesa za marehemu.

Yaliyofuata nimesimuliwa nikiwa foleni ya chai.
Jeshi lilihama, mbuzi wakahamia.
Yunia Ombasa, nesi mstaafu,
aliyewaona akina mama wakilala korido ya wodi
na vichwa vyao juu ya viatu vyao,
akaandika barua miaka tisa
kwa wizara zilizokuwa zikibadilishana majina.
Akajibiwa kwa makosa, wanasema:
karani alidhani anaomba chumba kimoja.
Yunia akaja na hiyo karatasi moja
na akina mama ishirini na watatu,
na kufuli akalivunja kwa jiwe.
Muda karani alipogundua,
nepi zilikwisha anikwa penye mlingoti wa bendera.

Hayo mimi sikuyajua. Nilikuwa Marigat nikichunga hasira
kama mtu achungaye ng'ombe wa mwingine.

"Tutakaa mpaka lini?" nimeuliza mlangoni.
"Mpaka dawa iishe."
"Siku ngapi, kwa daftari?"
"Mama, nimesema mpaka dawa iishe."

Nimemeza mate.
"Na balbu ikiungua?"
"Balbu?"
"Ikiungua. Nani hulipa?"
Bi. Wairuri amenitazama kitambo,
kama anayesoma maandishi yaliyofutika.
"Utaniita," kasema. "Nitaleta nyingine."

Usiku umeingia. Jerop amegundua swichi.
Anawasha, anazima, anawasha:
"Kogo, ona! Kogo, ona!"
Mimi, binti wa Koplo Chesang,
ninaona. Simkatazi.