Pimamaji

Baba aliutandika ua huu kwa ajili ya harusi yangu,
Julai ile kavu, huku Galisia:
mawe ya matale sabini na mawili
yaliyoletwa kwa trekta kutoka machimbo ya jirani.
Wiki tatu alipiga magoti, pimamaji mkononi,
na kila jiwe lilipokubali kutulia
kile kipovu cha kijani kilisimama katikati,
kama kiini ndani ya yai.
"Mezani," alisema, "divai haitainama."
Kweli haikuinama.
Fundi Delmiro, walimsifu, ua wako kioo.

Novemba ikaja ikatuonyesha kioo ni nini.

Mvua za Atlantiki hazipigi hodi.
Maji yalitua juu ya mawe, yakatazamana na mbingu,
hayana pa kwenda.
Maji hufuata mkondo, nasi hatukuyaachia mkondo;
yakajitafutia wenyewe,
kwenye viungo, chini ya saruji,
hadi kwenye mfinyanzi usiomeza wala kutema,
kisha kinyumenyume, polepole,
ukutani mwa jiko.

Mama Obdulia ndiye aliyeliona kwanza
nyuma ya gunia la viazi:
ua la chumvi, jeupe, laini kama unga.
Ua huu ulizaa ua lile.
Alilifuta. Likarudi.
Akapaka chokaa. Likarudi na ndugu zake.

Jiwe la tatu kutoka mlangoni likajifunza kutema mate;
ukilikanyaga, soksi imelowa.
Wageni tuliwaonya.
Padri tulisahau kumwonya.

Miaka kumi na tisa tulisema ni mvuke wa masufuria.
Nani angemwambia fundi
kwamba kosa lake ni kunyoosha mno?

Msimu huu nimeyang'oa. Mimi, kwa mtaimbo.
Chini yake giza lenye harufu ya kisima,
minyoo, kizibo cha chupa ya harusi,
na penseli yake ya kupimia, imevimba,
laini kama mkate uliochovywa.
Nikachimba mtaro hadi kwenye kabichi,
nikalaza bomba la matundu, nikalifunika kokoto,
kisha mawe nikayarudisha moja moja,
safari hii yakiinama, sentimita mbili kila mita,
yakiipa nyumba kisogo.

Baba alitazama dirishani, kahawa ikipoa.
Siku ya mwisho akatoka na pimamaji yake.
Akashusha goti moja, kisha, kwa shida, la pili.
Kipovu kikakimbilia upande wa nyumba,
kikagota pale, kikang'ang'ania.

Nikangoja.

Akapapasa mfukoni, akatoa kiberiti,
akakisukuma chini ya ncha ya upande wa kabichi.
Kipovu kikarudi katikati.
"Kumbe," akasema. Hilo tu.

Halafu akamimina kahawa iliyobaki
juu ya jiwe la tatu,
nasi tukaisindikiza kwa macho:
ikasita kwenye kiungo, ikachepuka, ikapata njia,
nyembamba, nyeusi, haina haraka,
ikateremka.

Penseli sijamwonyesha.
Imo mfukoni mwangu, inakauka.