Usingizi wa Pono

Arua, saa nne usiku. Umeme umerudi,
mimi sijarudi nyumbani.
Mezani kompyuta mbili zimetazamana,
kati yao kebo ya buluu
niliyoikata mwenyewe, nikaibana vichwa kwa koleo.

Ya kushoto ni ya Sista Candiru, wa zahanati.
Akiifunika, inalala.
Akiifunua, feni inavuma, taa ndogo inapepesa,
kioo cheusi tii, kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.
"Drani," aliniambia, "hii inalala usingizi wa pono.
Mara tatu nimeizima kwa kidole,
mara tatu orodha ya chanjo imepotea."

Nimepekua diski: hamna kitu.
Anayezimia haandiki shajara.
Diski hutangulia kulala,
kerneli ikabaki inasema gizani bila karani.

Basi nikaiambia: usiandike, sema.
Kila neno lipite kwenye kebo
limfikie jirani anayekesha,
bila stempu, bila risiti;
likipotea njiani, halitafutwi.

Nikafunika.
Kulia, mistari ikaanza kushuka:
nasimamisha kazi zote
nalaza sauti
nalaza mtandao
kisha kimya.

Nikacheka peke yangu. Mjinga mimi,
mjumbe nimemlaza pamoja na wagonjwa
halafu namngojea alete habari!

Nikaandika amri: mtandao, wewe kesha.
Mara ya pili. Ya tano. Ya tisa.
Nje muuza rolex amekwisha kuzima jiko,
harufu ya mayai imebaki mlangoni.

Mara ya kumi na moja, katika kuamka,
mstari ukaja, mfupi,
kama mtu anayetaja jina usingizini:
namwamsha msoma-kadi
Baada yake, hakuna.

Msoma-kadi! Kitundu cha ubavuni
kisichowahi kutiwa kitu tangu kinunuliwe,
kimejaa vumbi jekundu la barabara ya Vurra.
Dereva wake ndiye aliyeziba mlango,
na wote nyuma yake wakangoja kushuka.

Nikamfukuza. Nikafunika.
Nikahesabu hadi thelathini, nikarukaruka tarakimu.
Nikafunua.

Jina la Candiru likatokea kiooni, likiomba nywila,
kana kwamba hakuna lolote lililotokea.

Kesho nitamtoza elfu kumi na tano.
Atalalamika, atalipa kumi.
Kebo nimeiacha palepale mezani;
kuna nyingine ya Padri, nayo haiamki.