Kioo cha Kabati

Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani.
Mwanahamisi kang'oa mlango wa kabati la harusi,
alitaka kioo tu.

Seli thelathini na sita, nyembamba
kama ganda la kitunguu.
Umeme umekatwa kwa deni,
basi ncha ya shaba yapashwa mkaani,
jiko lile lile la maandazi.
Lehemu yayeyuka, yang'aa, yaganda.
Anabana pumzi.
Ya kumi na saba: ti!
Ufa.

Hakuitupa. Akaiunga hivyo hivyo na wenzake:
ndugu hawachaguliwi.

Saa nne akaielekeza juani.
Mita ikasita, ikapanda, ikatua kumi na nane.
"Haya," akasema, akanawa masizi.

Ndani, vikombe vya wageni
vilikuwa vinaonja vumbi
kwa mara ya kwanza.