Laki Tatu na Thelathini

Malipo ya korosho yalipoingia, mnada wa tatu,
mama aliyatoa benki akanihesabia kitandani,
analamba kidole kila baada ya noti mbili:
laki tatu na thelathini.
"Kanunue hilo jicho lako," akasema,
"ila bei usiniambie."

Kutwa nipo stesheneri, hapa Mkanaledi,
napiga watu picha za pasipoti.
Inua kidevu. Usicheke. Sikio lionekane.
Ukutani shuka la buluu, na mbele ya shuka
kila mtu anafanana na mtu anayedaiwa.
Wakitoka mlangoni wanarudishiwa nyuso zao
na mimi nabaki ndani, na shuka.

Chilumba fundi alizipanga tatu juu ya gazeti.

Ya kwanza nyeusi, lenzi ndefu kama mchi.
"Mji huu barabara zake pana, dada,
zilipimiwa mji mkubwa ambao bado haujafika.
Bila lenzi ya kuvuta utapiga lami tupu."
Nikacheka, maana ni kweli.
Laki nne na nusu.

Ya pili ya filamu, chuma kitupu,
ukibonyeza inalia kama kufuli la sanduku la bibi.
Nusura niichukue kwa ule mlio tu.
Lakini roli inatoka Dar, picha thelathini na sita,
na kusafishwa inarudi Dar:
kila kosa langu lingepanda basi, kwenda na kurudi.

Ya tatu ndogo, imechubuka pembeni,
kioo cha nyuma kina doa kama chai iliyomwagika.
Lenzi mbili, nichague moja.
Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia ile ya hamsini:
ukungu wa pwani umeota humo, nyuzinyuzi,
umepata chumba cha bure.
"Kwenye picha hauonekani," akasema Chilumba,
anatazama feni.
Tena kwenye mwili mdogo hamsini si hamsini,
inajibana ikawa kama sabini na tano.
Thelathini na tano kioo chake safi.
Pete ya fokasi inakwaruza kana kwamba ina mchanga.
Labda ina mchanga.

Nikaomba nizijaribu nje.
Nilianza na ile ndefu, tamaa tu, kutoka ng'ambo ya barabara:
Somoe Nantende, muuza ming'oko, akajaa wote kwenye kioo,
hadi chumvi kuchani.
Sijabonyeza, kanga imeshapanda usoni.

Ile ndogo haikumfikia.
Ikabidi nivuke. Nisalimie. Niulize habari za goti lake,
nisikilize habari za goti lake,
ninunue fungu la mia tano.
"Haya, unataka nini?"
"Picha."
Akainua kidevu. Akaacha kucheka.
Akasogeza kanga, sikio likaonekana.

Sikujua niseme nini. Nikamenya ming'oko.
Akaja kijana wa bodaboda, analalamika
fungu limepungua tangu jana,
na Somoe akanisahau, akashika mng'oko mmoja juu
kama hakimu mwenye ushahidi,
mdomo wazi, jino la dhahabu limepata jua.
Hatua mbili. Nikabonyeza.

Akatazama penye doa la chai, akajitafuta, akajiona.
"Uniletee ya karatasi," akasema.
"Ikikaa humo ni yako."

Chilumba nilimshusha hadi laki mbili na themanini.
Kadi, elfu kumi na nane. Ming'oko, mia tano.
Mkoba sikununua, naifunga kwa kitambaa cha gauni la zamani.
Zilizobaki zimo kwenye bahasha ya kaki, chini ya godoro:
elfu na mia tano kila karatasi,
nyuso ishirini na moja.
Ya kwanza nimeshaipeleka.
Imetikisika kidogo,
na sikio halionekani.