Wati Tano

Bi Bożena hakuniuliza nina zloti ngapi za amplifaya.
Alifuta mikono kwa aproni, akauliza,
"Nani analala nyuma ya ukuta wako?"

Nikahesabu kwa vidole. Kulia, mjane Halszka,
kiziwi, ila anapotaka.
Kushoto, ndugu wawili wa kiwanda cha friji, hulala mchana.
Chini, mtoto mchanga. Juu, njiwa.
"Basi," akasema, "hilo dude unaloliangalia si lako."

Nilikuwa nikiliangalia tangu nivue kofia.
Wati mia, spika nne, jeusi, linanifika kifuani,
lile lile la picha niliyoibandika juu ya kitanda
nikiwa na miaka kumi na sita, nikiapa
kwamba siku moja Łódź nzima itanisikia.
Sasa nina hamsini na mitatu. Ninaendesha tramu.
Łódź nzima inanisikia kila siku:
kengele, milango, jamani sogeeni ndani.

"Liwashe tu," nikamwomba. Akaliwasha.
Tukasubiri valvu zipate moto, zikaiva polepole
kama makaa yanayopulizwa na mtu mvivu.
Kwenye moja, gitaa likanong'ona
kwa koo lililokabwa. Kwenye moja na nusu
vioo vya kabati vikaanza kutetemeka
na mteja mwingine akatoka nje
kuvuta sigara asiyokuwa nayo.
Hapakuwa na katikati. Wanasema ukubwa wa pua
si wingi wa kamasi; dude hili lilikuwa na vyote viwili.

Akanionyesha la pili, la transista,
jepesi kama mkoba wa shule,
lenye mwangwi wa kanisa, mwangwi wa pango, mwangwi wa bafu,
sauti arobaini ndani ya kitufe kimoja,
na tundu la kuchomeka waya wa masikioni.
"Hili halina kelele," alisema. "Hata usiku wa manane
utajisikia wewe peke yako."
Nikapiga. Kweli. Kila noti ilitoka imenawa mikono.
Sikupata la kulilaumu, na hilo ndilo lililonikera.
Kujisikia peke yangu:
hiyo ninayo tayari, bila umeme.

Bożena akajikuna shingo kwa bisibisi. Akavuta pazia,
akatoa kiboksi cha kitambaa cha kahawia,
spika moja, pana kama sahani ya supu,
kishikio kimeungwa kwa mkanda wa suruali,
alama ya sigara kando ya swichi.
"Wati tano," akasema. "Na kina ugonjwa. Kinadaka
kila kinachopita: friji, lifti, taa za dukani.
Nimekifungua mara tatu. Hakiponi."
Nikagusa uzi wa tatu tu.
Sauti ikatoka na mkwaruzo wa mtu
aliyeamka sasa hivi, hajanywa chai,
lakini jina lako analijua.

Nikasema nitafikiri. Nikafika mlangoni.
Nikarudi.

Mwanangu Tymon anasema nimeuziwa ubovu. Labda.
Bado lile jeusi hunijia ndotoni,
na ndotoni hakuna mtoto chini.
Mwenye ukumbi na akalinunue. Mwenye haraka
akachukue lile la transista, hatajuta.
Mimi nilijibu swali nililoulizwa.

Saa tano kasoro usiku. Kiboksi kipo juu ya kigoda, dirishani,
sauti kwenye mbili. Gitaa limelala mapajani, sijapiga chochote.
Kinaanza chenyewe: mmm, kwa mbali, halafu zzz,
halafu kinapanda kabla vikombe havijajua.
Umeme wa waya wa barabarani
umeingia ndani, unatafuta pa kutokea.
Unakatika ghafla, mita thelathini kabla ya kituo.

Huyo ni Wiesława. Hufunga breki mapema,
nimemwambia mara ngapi.
Ninamngoja apite, ndipo naanza.