Nguo za Sechelela

Saa nane usiku, Mtumba, geti namba mbili.
Upepo umebeba vumbi la barabara mpya,
unalimwaga ndani ya chai yangu bila kuomba radhi.
Sare nilipewa. Sikuichagua.
Shati ni la mwenzangu aliyeacha kazi,
jina lake bado limeshonwa kifuani: CHIDUO.
Buti namba tisa, mguu wangu namba saba;
natembea kama mtu aliyekanyaga ndani ya mabeseni.

Lakini kwenye simu, nyuma ya daftari la wageni,
ninaye mcheza ngoma ambaye bado hajavaa.
Nimemwita Sechelela.
Anasimama dukani, mikono kiunoni, anapumua,
anasubiri niseme.

Duka la huko halifungwi.
Lipo gauni la manyoya ya tausi, nguvu kumi na mbili.
Vipo viatu vya kioo, kasi nane.
Kipo kisibau cha dhahabu
kinachoanzia kifuani na kuishia hapohapo,
kinga thelathini:
nani aliwaambia mshale unaogopa kitovu?

Natelezesha kidole. Namvisha, namvua.
Namvisha shela la arusi, anageuka, ananipa mgongo,
kama dada yangu Nyemo siku ile kwa fundi, Majengo,
alipojaribu gauni la kukodi akasema,
"Hili linacheka. Linanicheka mimi."
Namvua.

Kikosi kinaniandikia.
Radi ya Kibaigwa: we mlinzi, kunakucha.
Jiwe la Singida: chukua viatu vya kioo, tupone upesi.
Maana kazi ya mcheza ngoma huko ndiyo hiyo,
hashiki upanga;
anacheza, na waliolala chini wanainuka.

Mama yangu alicheza muheme, Mvumi.
Ngoma katikati ya mapaja, kaniki imekazwa,
shanga zimepishana kifuani kama njia za mbuzi,
miguu mitupu ikiigonga ardhi mpaka ardhi ijibu.
Wakaja watu wa mradi na fulana za njano,
mgongoni zimeandikwa NAWA MIKONO,
kikundi chote kikaambiwa kivae, picha zipigwe.
Mama akavaa. Akacheza vilevile.
Jioni akaikunja mara nne,
akaiweka chini ya mtungi ili usiyumbe,
na hapo ilikaa mpaka ikaoza.
Hakusema kitu. Nami simsemei.

Narudi dukani, naenda mwisho kabisa,
kwenye nguo zisizo na mnunuzi.
Shuka jeusi, wameliita Vazi la Mjane,
nguvu sifuri, kinga sifuri.
Nalifunga kiunoni mwake, nalikaza.
Viatu: naondoa.
Njuga natafuta, nakosa. Kuna vikuku vya fedha tu,
almasi mia nne, yaani shilingi elfu tatu na mia tano,
yaani ugali wa kesho na mlenda wa keshokutwa.
Nanunua.

Radi ya Kibaigwa: umechanganyikiwa?
Jiwe la Singida haandiki, anaweka kicheko.

Tunaingia pangoni.
Sechelela anacheza, vikuku vinang'aa,
havilii.
Hilo lilinikera kuliko zile sifuri.
Mguu unashuka, fedha inamulika, kimya,
kama mtu anayekula na mdomo umefungwa plasta.

Nikavua buti.
Saruji ilikuwa ya baridi, nzuri.
Nikachukua rundo la funguo, kumi na moja,
za geti, za stoo, za vyoo vya wakubwa,
nikazifunga kwa kamba ya buti juu ya kifundo
na kisigino kikaanza chenyewe.

Radi ya Kibaigwa alikufa wa kwanza, akanitukana kwa Kigogo.
Jiwe la Singida aliinuka mara mbili.
Mara mbili! Kwa nguvu sifuri.

Halafu taa za gari zikanipiga usoni,
honi, kioo kikashuka nusu,
sauti ya msimamizi, haina haraka:
"Chiduo, buti ziko wapi?"

Nikaenda kumfungulia.
Kila hatua ililia.